Redio ya valvu ina volteji zisizoeleweka? Anzia kwenye rektifaya ufuate umeme

Redio ya valvu ikileta shida watu wengi wanakimbilia kulaumu valvu, kwa sababu ndo kitu kinachoonekana, kinawaka, kinachomolewa kirahisi na kupachikwa kingine. Mimi nasema valvu iache mpaka mwisho. Kwenye redio hizi za miaka ya 1930 mpaka 1960 na kitu, kinachoharibu volteji mara nyingi ni kapasita za karatasi na nta ambazo zinavuja, kapasita za elektroliti zilizokauka, na rezista za kaboni zilizopanda thamani zenyewe taratibu bila hata kuonyesha dalili ya kuungua. Valvu unakuta bado nzima kabisa, na ukipachika mpya kwenye sakiti yenye kapasita inayovuja unaiua na hiyo mpya. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote tafuta mchoro wa sakiti wa hiyo modeli, shika multimita, na ufuate umeme kuanzia pale unapoingia, upite kwenye rektifaya (inayogeuza AC kuwa DC), hadi unapoishia.

Usalama kwanza na hapa naomba usiruke. Ndani ya hizi redio kuna volti 250 mpaka 350 za DC, na chaji inayobaki kwenye kapasita kubwa baada ya kuzima inatosha kukuumiza vibaya. Chomoa plagi ukutani, sio kuzima swichi tu, alafu chukua rezista ya kilo-omu 10 ya wati 5, ifunge kwenye waya zenye klipu, klipu moja kwenye hasi ya kapasita kubwa nyingine kwenye chanya yake, subiri kama sekunde 5, kisha pima uhakikishe imebaki volti chache tu. Ile tabia ya kupiga shoti kapasita kwa bisibisi iache, cheche yake inaharibu kapasita na inaweza kurusha chembe za chuma moto machoni. Ukipima redio ikiwa inawaka, funga klipu ya hasi kwanza ndipo uwashe, alafu probu ya chanya ishike kwa mkono mmoja, ule mwingine uweke mfukoni au nyuma ya mgongo, na vua pete na saa.

Sasa kuna redio ambazo hazina transfoma ya umeme kabisa, na hizi ndo hatari zaidi. Utazijua kwa namba za valvu. Za Ulaya zinaanza na herufi U, mfano UCH81, UBF89, UCL82 na UY85. Za Marekani ni ile familia ya valvu tano: 12SA7, 12SK7, 12SQ7, 50L6 na 35Z5. Humo upande mmoja wa umeme wa ukutani umeunganishwa na chasisi moja kwa moja, au unaifikia kupitia swichi, yaani ukigeuza plagi tu chasisi nzima inakuwa na umeme kamili, pamoja na skurubu za chini na zile ndogo za kubana vishikio vya sauti. Bila transfoma ya kutenga (inayoitenganisha redio na umeme wa ukutani) usiiguse ikiwa imechomekwa. Na varieki peke yake sio transfoma ya kutenga, inashusha na kupandisha volteji ila umeme wa ukutani bado uko palepale, watu wanachanganya sana hili. Kitu kingine, baadhi ya redio hizi chasisi yake haijaungwa moja kwa moja na hasi ya sakiti, hasi ina laini yake pembeni, sasa ukiweka klipu kwenye chasisi utasoma namba za ajabu ajabu na kuanza kutafuta ugonjwa ambao haupo. Angalia mchoro, hasi ya kapasita kubwa ndo sehemu yako ya kupimia.

Kuwasha mara ya kwanza

Redio iliyokaa miaka usiichomeke tu uone kitakachotokea. Ikiwa imechomolewa na kapasita hazina chaji, weka mita kwenye omu, pima kati ya laini kuu ya volteji ya juu (tuite B-plasi kama mafundi wanavyoita) na hasi. Usomaji unatakiwa uanzie chini kisha upande polepole kapasita zinavyojaa. Ukikwama kwenye omu mia kadhaa au kilo-omu moja mbili, kuna kitu kimepiga shoti, usiwashe, kitafute hicho kwanza.

Alafu tengeneza balbu ya kinga. Ni balbu ya zamani ya nyuzi, wati 40 mpaka 60, LED haifai hapa, unaiunga mfululizo kwenye waya mmoja unaokwenda kwenye redio. Ukiwasha, balbu itawaka kwa nguvu kidogo kwa sababu hita za valvu zikiwa baridi zinavuta mkondo mkubwa, kisha inafifia, na valvu zikishapata moto inaweza kuongezeka kidogo tena. Hiyo ni hali njema. Ikiwaka kwa nguvu ikabaki hivohivo, zima, una shoti kwenye transfoma, kwenye rektifaya au kwenye kapasita za mwanzo. Kumbuka tu kwamba balbu ikiwa kwenye njia volteji zote zitasoma chini, kwa hiyo usizilinganishe na mchoro mpaka utakapoitoa.

Kuna wanaosema washa kwa varieki taratibu kwa masaa ili kapasita za elektroliti zijirudi. Kwa redio yenye rektifaya ya valvu hii haifanyi kazi jinsi watu wanavyodhani, kwa sababu hita ya rektifaya isipopata moto wa kutosha haipitishi kitu, unapandisha unapandisha hakuna kinachofika kwenye kapasita, alafu ghafla valvu inaanza kupitisha na kapasita inapokea volteji kubwa kwa mkupuo. Binafsi nashauri kapasita za elektroliti zibadilishwe tu, pamoja na zote za karatasi na nta, ikiwemo zile za kwenye umeme wa ukutani. Hizo za ukutani usiweke kapasita yoyote tu: inayokaa kati ya waya mbili za umeme iwe ya daraja la X2, na inayotoka kwenye umeme kwenda chasisi iwe ya daraja la Y2, zimetengenezwa ili zikifa zisikuletee moto wala zisikuache na umeme mwilini. Nyingine zote za karatasi weka za filamu za volti 630. Na kapasita ya kwanza baada ya rektifaya usiipandishe ukubwa kwa tamaa ya kuondoa muungurumo, mfano rektifaya ya EZ80 mwisho wake ni maikrofaradi 50, ukizidisha unaipa kazi ya kujaza kapasita kubwa kwa mikupuo mikali na inakufa kabla ya wakati wake.

Anza na umeme wenyewe

Kabla ya kusema B-plasi iko juu au chini, pima umeme wa ukutani saa hiyohiyo. Redio nyingi za Ulaya zilitengenezwa kwa volti 220 na leo ukutani unaweza kukuta 230 au 240. Kutoka 220 kwenda 240 ni ongezeko la asilimia 9, na kila kitu ndani kinapanda vilevile: hita ya volti 6.3 inakwenda karibu 6.9, B-plasi ya 250 inakwenda zaidi ya 270. Valvu zinavumilia takriban asilimia 10 ya hita, kwa hiyo hapo uko ukingoni. Angalia nyuma ya redio kama kuna kile kichaguzi cha volteji, kiweke kwenye 240 au 245. Kama hakipo, unaweza kutumia transfoma ndogo ya volti 12 au 18 ambayo upande wake wa pili umeungwa mfululizo kwa kugeuza mwelekeo ili ipunguze badala ya kuongeza, ilimradi iweze kubeba mkondo wa redio. Ukiiunga ukakuta volteji imepanda badala ya kushuka, geuza waya mbili za upande wa pili.

Hita pima kwa AC moja kwa moja kwenye pini za soketi ya valvu, sio kwenye transfoma. Ukikuta transfoma inatoa 6.4 na kwenye soketi ya mwisho kuna 5.6, kuna soketi yenye kutu au solda iliyopasuka njiani. Hii inasahaulika sana. Mtu anahangaika na B-plasi kumbe valvu haijapata moto wa kutosha ndo maana haivuti.

Kwenye redio zisizo na transfoma hita zote ziko mfululizo, moja ikikatika zote zinazima. Ile familia ya Marekani ukijumlisha 12.6 mara tatu, 50 na 35 unapata kama volti 123, ndo maana zinakaa moja kwa moja kwenye umeme wa kule. Seti ya Ulaya niliyotaja juu ina 19, 19, 50 na 38, jumla 126, zote zinavuta miliampea 100, kwa hiyo kwenye umeme wa 220 zile volti 94 zilizobaki lazima zimalizwe na rezista kubwa ya karibu omu 940 inayotoa joto la wati 9 na zaidi. Rezista hiyo ikikatika redio imekufa kabisa kama vile haijachomekwa. Kutafuta hita iliyokatika chomoa plagi, toa valvu moja moja, pima omu kwenye pini za hita. Usishtuke ukikuta omu chache, hita ikiwa baridi ukinzani wake ni mdogo mara kadhaa kuliko ikiwa moto, 12SK7 ikiwa moto ni kama omu 84 lakini baridi utasoma sehemu ndogo tu ya hiyo. Kinachotafutwa ni ile isiyosoma kitu. Na kwenye 35Z5 pima pini 2 na 7 alafu pima pia 2 na 3, ile sehemu ndogo ndo inayolisha taa ya daio (kibao cha stesheni), na taa ikiungua ikaachwa hivohivo mkondo wote unapita pale mpaka inakatika. Taa ya daio kwenye hizo redio sio pambo, ibadilishe mapema.

B-plasi haipo, iko chini, iko juu

Kama haipo kabisa, kazi ni nyepesi. Pima AC kwenye anodi za rektifaya (pini unakoingilia umeme), ipo? Pima DC kwenye kathodi yake (pini unakotokea), ipo? Songa mbele, pima baada ya choki (koili ya kuchujia) au rezista ya kuchujia. Kwenye redio za zamani zaidi choki hiyo ni koili ya sumaku ya spika yenyewe, ina omu elfu moja mpaka elfu mbili hivi, na ikikatika una volteji upande mmoja na sifuri upande wa pili. Pale volteji inapopotea ndo penye ugonjwa. Angalizo hapa: koili ikikatika kapasita ya kwanza inabaki imejaa hadi juu kabisa, haina pa kushushia, kwa hiyo ukizima usije ukaamini imeisha.

B-plasi kuwa chini ndo inasumbua, kwa sababu kuna visababishi vya aina mbili vinavyofanana kwa mbali: ama chanzo ni dhaifu, ama kuna mtu anakula kupita kiasi. Namna ya kutofautisha ni kuangalia volteji inayoishia kwenye choki au rezista ya kuchujia. Pima volti kabla na baada, toa, gawanya kwa omu zake, umepata mkondo wa redio nzima (kama anodi ya valvu ya mwisho, ile inayoendesha spika, haitoki kabla ya hiyo rezista, redio nyingi inatoka kabla, angalia mchoro). Mfano rezista ni kilo-omu 1 na imekula volti 60, basi miliampea 60 zinapita. Mchoro unasema 35? Kuna anayekula, usiguse rektifaya. Ukikuta mkondo ni wa kawaida au hata mdogo na B-plasi bado iko chini, basi chanzo ndo dhaifu.

Chanzo dhaifu mara nyingi ni kapasita ya kwanza iliyokauka. Kapasita hiyo ikiwa nzima inashikilia volteji karibu na kilele, ikikauka volteji inaporomoka kuelekea wastani, alafu redio inavuma vuuu kwa sauti nzito hata ukishusha sauti mpaka mwisho. Ukiona vyote viwili pamoja, volteji chini na muungurumo, huna haja ya kuwaza sana. Rektifaya iliyochoka yenyewe inashusha volteji bila kuongeza sana muungurumo, na inachukua muda mrefu kupandisha. Rektifaya inayotoa mwanga wa zambarau ndani au cheche, zima haraka, ama imeingia hewa ama kuna shoti mbele yake, na usiweke nyingine kabla hujajua ni ipi.

B-plasi kuwa juu inawachanganya watu lakini maana yake ni rahisi: hakuna anayekula. Valvu ya mwisho ndo inayovuta zaidi ya nusu ya mkondo wa redio nzima, kwa hiyo anza nayo. Hita yake inawaka? Rezista ya kathodi imekatika? Ukisoma kwenye kathodi volti nyingi kuliko kawaida, mfano 30 au 40 badala ya 7, na redio haisikiki, rezista ya kathodi imekatika. Au kuna mtu aliyepita kabla yako akaondoa rektifaya ya valvu au ile ya seleniamu akaweka dayodi ya silikoni bila rezista. Dayodi ya silikoni karibu haili volteji yoyote na inapitisha mara tu unapowasha, valvu zikiwa bado baridi, hivo kapasita zinapokea kilele chote. Kwenye umeme wa 230 bila transfoma kilele hicho ni volti 325. Rudisha ilivyokuwa, au weka rezista mfululizo na dayodi mpaka B-plasi ifanane na mchoro. Na seleniamu ikiungua inatoa harufu mbaya sana na moshi wake ni sumu, fungua madirisha utoke.

Kapasita moja inayoua redio nyingi

Nikiambiwa nipime sehemu moja tu kwenye redio nzima ningepima gridi ya valvu ya mwisho, yaani pini inayodhibiti mkondo wake. Kuna kapasita ndogo, mara nyingi nanofaradi 10 au 20, inayobeba sauti kutoka kwenye anodi ya valvu ya kwanza ya sauti kwenda kwenye gridi ya valvu ya mwisho. Upande mmoja una volti 100 mpaka 200 na kitu, upande wa pili unatakiwa uwe sifuri au hasi. Kapasita hiyo ikivuja kidogo tu kila kitu kinaharibika.

Tazama hesabu. Anodi ina volti 200, rezista ya gridi ni kilo-omu 470, na kapasita imeanza kuvuja kama vile ni rezista ya mega-omu 20. Mega-omu 20 ni uvujaji ambao mita nyingi za kawaida hata hazitauona ukiipima nje. Lakini kwenye gridi zinatokea volti 200 mara 0.47 gawanya kwa 20.47, sawa na kama volti 4.6 chanya. Sasa valvu ya mwisho kama EL84 inatakiwa gridi yake iwe chini ya kathodi kwa takriban volti 7.3, ukimpa chanya 4.6 umemwondolea zaidi ya nusu ya breki, anavuta mkondo mwingi, transfoma ya sauti inapata moto, B-plasi inashuka, rektifaya inalemewa, sauti inakwaruza. Mtu anaona B-plasi iko chini anabadilisha rektifaya. Wiki mbili rektifaya mpya nayo imechoka.

Kwa hiyo pima hivi. Redio ikiwa imepata moto, weka mita kwenye DC, probu kwenye gridi ya valvu ya mwisho. Sifuri au hasi, salama. Chanya hata nusu volti, kuna jambo. Zima, shusha chaji, achisha mguu mmoja wa ile kapasita upande wa gridi, washa tena, pima gridi tena. Chanya ikiondoka, kapasita ndo mbaya. Chanya ikibaki, na hasa ikizidi kupanda kadri valvu inavyopata moto, hapo ndo valvu yenyewe ina gesi au gridi yake inatoa elektroni, na hapo ndo nakubali ununue valvu. Wengine badala ya kuachisha kapasita wanachomoa valvu waone kama chanya inabaki, lakini ujue njia hiyo haifai kwenye redio ya hita za mfululizo, ukiichomoa umezima zote.

Alafu pima kathodi ya valvu hiyohiyo, gawanya kwa rezista yake, utajua inavuta kiasi gani. EL84 yenye omu 135 na volti 7.3 inavuta karibu miliampea 54, anodi na skrini (gridi yake ya pili) pamoja, sawa. 6V6 kwenye volti 250 ina rezista ya omu 250 na unatarajia kama volti 12.5, yaani miliampea 50. Ukikuta volti 20 kwenye hiyo 6V6, gridi ina chanya au rezista imepanda, pima vyote viwili. Kama kathodi imekwenda chasisi moja kwa moja bila rezista, basi hasi ya gridi inatoka kwenye rezista ndogo iliyoko kati ya hasi ya kapasita kubwa na chasisi. Redio za namna hii ukibadilisha kapasita usiunge hasi ya mpya kwenye chasisi, utakuwa umeipiga shoti ile rezista na valvu ya mwisho itaungua.

Ukikuta anodi ya valvu ya mwisho ni sifuri lakini skrini yake ina volteji kamili, zima mara moja. Transfoma ya sauti imekatika, mkondo wote unakimbilia skrini na utaziona nyaya zake zinageuka nyekundu ndani ya kioo. Pima omu za upande wake wa kwanza, zinatakiwa ziwe mia chache.

Skrini na anodi za valvu nyingine

Hapa ndo rezista za kaboni zinapoonyesha tabia yao. Chukua valvu ya EF89: B-plasi 250, rezista ya skrini kilo-omu 51, skrini inatakiwa iwe na volti 100 hivi na kuvuta miliampea 3. Wewe umesoma 60. Yaani rezista imekula volti 190. Zima, shusha chaji, pima rezista palepale ilipo. Ukikuta 90, umemaliza, imepanda. Na hii kanuni ishike: rezista ikiwa bado kwenye sakiti inaweza kusoma chini ya thamani yake kwa sababu kuna njia nyingine pembeni, ila ikisoma juu ya thamani ya rangi zake basi imepanda kweli, huna haja ya kuitoa kuthibitisha (kapasita ziwe zimeshushwa chaji tu, la sivyo mita inadanganyika). Kama rezista ni 51 kamili, basi miliampea 3.7 zinapita pale, na valvu yenye skrini ya volti 60 haiwezi kuvuta hivo, inatakiwa ivute kidogo kuliko kawaida. Ziada inaenda kwenye kapasita ya skrini. Achisha mguu wake mmoja, volteji itaruka juu palepale.

Kwenye anodi za valvu za IF (masafa ya kati) volteji ni karibu sawa na B-plasi kwa sababu koili ina omu chache tu. Ukikuta B-plasi upande mmoja wa koili na sifuri upande wa pili, waya wake mwembamba umeliwa na kutu, mara nyingi palepale kwenye ncha penye doa la kijani, na mara nyingi unaweza kuunga ukiwa na mkono mtulivu na solda ya moto wa wastani.

Anodi ya valvu ya kwanza ya sauti, ile yenye rezista ya kilo-omu 220, inahitaji uangalifu wa aina nyingine. Michoro ya zamani ilipimwa na mita za mshale, nyingi za omu 1,000 kwa kila volti. Mita hiyo kwenye kipimo cha volti 250 ni sawa na kuweka rezista ya kilo-omu 250 pale, inashusha inachokipima. Kama kuna volti 100 za kweli yenyewe inaweza kuonyesha karibu 80. Multimita ya kidijitali ina mega-omu 10, itakuonyesha 100. Kwa hiyo ukisoma juu kuliko mchoro kwenye sehemu zenye rezista kubwa usianze kubadilisha vitu, soma kwanza maandishi madogo ya mchoro ujue walitumia mita gani. Na hata hivo tofauti ya asilimia 20 kwa redio hizi ni ya kawaida, usiumize kichwa kutafuta volti 5.

Kama volteji zote ziko sawa na redio bado haishiki stesheni, pima gridi ya osileta (sehemu inayotengeneza masafa ya kuchanganya na yale ya stesheni). Osileta ikifanya kazi inajitengenezea hasi yake yenyewe, kwa kawaida kati ya volti 5 na 15 hasi. Zungusha daio kuanzia mwanzo mpaka mwisho huku unaangalia mita. Ikienda sifuri sehemu fulani, osileta inazima pale, na stesheni za upande huo hutazipata kamwe. Laini ya AVC (inayorekebisha nguvu ya sauti yenyewe) nayo pima: ukishika stesheni yenye nguvu inatakiwa iende hasi zaidi, volti kadhaa. Isipobadilika wakati stesheni inasikika, kapasita yake ndogo inavuja. Hii laini ina mega-omu nyingi kwa hiyo hata kuvuja kidogo sana kunaimaliza.

Volteji inayobadilika ikipata moto

Zile zinazofanya kazi dakika 20 alafu zinaanza vituko zinataka uvumilivu. Andika volteji za sehemu kama sita (B-plasi, kathodi na gridi ya valvu ya mwisho, skrini, anodi ya sauti, hita) dakika 5 baada ya kuwasha, alafu usifanye kitu, isubiri mpaka ianze vituko, pima tena sehemu zilezile. Iliyobadilika zaidi ndo ya kuchunguza, na kwa kawaida utaona moja imeondoka na nyingine zimeivuta nyuma. Ukishajua eneo, elekeza kikausha nywele kwenye kijenzi kimoja kimoja huku klipu ya mita imefungwa, au gonga taratibu na kijiti kikavu cha mbao, solda iliyopasuka inajitaja yenyewe.

Ukishamaliza iache iwake saa nzima bila balbu ya kinga, kisha shika transfoma ya umeme baada ya kuzima na kuchomoa: joto la kuweza kuacha mkono ni sawa, ikikulazimisha kutoa mkono kuna anayekula bado, rudi kwenye kathodi ya valvu ya mwisho. Alafu andika volteji zote kwenye karatasi, pamoja na volteji ya ukutani ya siku hiyo na aina ya mita uliyotumia, ibandike ndani ya kabati la redio, fundi atakayeifungua baada yako ataanzia hapo.